Upande Mweusi wa Picha ya Mama Mapendo

Siku ya Mungu, misa imekwisha. Mvua inaanguka tangu asubuhi, na ukungu umefunika ziwa lote, hata Rwanda ya ng'ambo haionekani.

Hakuna kamera katika Bukavu hii iliyowahi kunishinda.

Uongo. Zimenishinda nyingi. Kuko moja ya mupadri nilifungua, kisha sikupata tena namna ya kuifunga. Nilimurudishia ndani ya kopo la maziwa nikamwambia aiombee. Lakini ya leo haikunishinda. Afazali ingenishinda.

Tuko bado kwa matanga. Bibi yangu wa ndoa, Mama Mapendo, tulimuzika juma lililopita, na mimi mufiwa napaswa kukaa kwenye mukeka, nipokee watu, nitikise kichwa. Mwalimu wa kanisa alinikuta na turnevisi ya kufungulia kamera mukononi, akauliza kama sina haya. Nilimujibu haya ninayo, ila iko kwenye matengenezo.

Balola ndiye aliyeleta hiyo kamera. Ni mupiga picha wa hapa kwetu Kadutu, wa ndoa, wa ubatizo na wa maiti, na siku ya mazishi ndiye alitupiga. Kwetu inafanyika hivi: mbele ya kufunga sanduku, wanalitoa uani, familia inalizunguka, kila mutu anakaza shingo kama askari. Kichwa cha maiti kinakaa upande wa kuume wa picha, na mwenye kufiwa anasimama pale pale kwa kichwa. Ndani ya nyumba Balola hakupiga hata moja, taa zake za kumulika zilikwisha na hakuna magazini inayoziuza tena. Lakini siku ile jua liliwaka sana. Tukasema Mungu ametuhurumia.

Leo aliniletea picha ndani ya bahasha, na hakutaka kuniangalia machoni.

Zote, upande wa kuume ni mweusi kama chini ya sufuria. Kushoto kuko sanduku upande wa miguu, maua, na shemeji yangu ndani ya suti mupya ya abakosti, anaonyesha meno kama mutu aliyekuja kuposa. Mama Mapendo hayuko. Na mimi siko.

Niandike ukweli: sina picha ya bibi yangu. Mimi, mutengeneza kamera! Alikataa maisha yake yote. Alisema ameona matumbo ya vile vyombo juu ya meza yake ya kulia, hawezi tena kuvichekea. Kuko moja tu, ya karte ya kitambulisho, na pale alifunga macho, nazani makusudi. Ndiyo sababu nilikubali apigwe ndani ya sanduku. Nilijisemea, safari hii hatakimbia.

Amekimbia.

Balola aliapa kosa ni la studio ya mujini, kwamba mutu wa kule aliharibu karatasi wakati wa kutoa picha. Filimu yenyewe imebakia kule, na leo wamefunga. Nilitaka sana kumuamini. Kama kosa ni la karatasi, sura yake iko bado ndani ya filimu, wataitoa upya. Kama kosa ni la kamera, sura haikuingia kamwe.

Basi nilifungua mugongo wa kamera. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliomba nisikute ugonjwa.

Ndani mule kuko mapazia mawili ya kitambaa cheusi. La kwanza linakimbia, linaachia mwanga. La pili linalifuata, linafunga. Niligeuza kamera kwa dirisha, nikaweka mwendo wa pole, nikabonyeza. Niliona dirisha lote, na migomba yangu ndani yake. Nikajisemea, kosa ni la studio. Nikaongeza mwendo kidogo: bado dirisha lote. Halafu nikaweka mwendo wa haraka, ule wa jua kali.

Nusu ya dirisha.

Nikarudia. Nikapuliza, nikabembeleza, nikatukana kwa Kishi, luga ya mama yangu. Nusu.

Pazia la kwanza linaburuta miguu, la pili linalikuta njiani, na upande wa mwisho haupati mwanga hata kidogo. Studio ya mujini haina kosa.

Nikanusa chombo. Moshi. Kumbe Balola anaogopa unyevu wa ziwa, kioo kisiote ukungu, basi anaiweka kamera juu ya jiko, pale bibi yake anapokaushia mahindi. Masizi yameingia mu mafuta ya vyuma, yamekuwa mazito kama ugali wa jana. Nilimuuliza kama anapiga picha ao anakausha samaki wa ndagala. Nilitaka acheke. Alilia, mutu muzima vile.

"Papa Mapendo, unisamehe," akasema. "Nitakata ule upande mweusi, nibakishe wale wanaoonekana, niwapelekee."

Nilimwambia sawa. Nilisafisha vyuma vyake na esanse, yale mafuta ya motokari, mpaka mapazia yakakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Aliuliza nataka nini kwa kazi ile. Nilimwambia aende kwanza, nitafikiri.

Sasa ameenda na bahasha yake, shemeji anasinzia kwenye kiti, na nimekwisha kufikiri. Mbele yake nisingeweza kusema, sauti ingenivunjika, na mwalimu wa kanisa angefurahi sana.

Miaka yote nililala kando yake mu giza, na sikuhitaji taa kwa kujua kwamba yuko.

Basi Balola, kwa kazi ya leo unitolee moja tu ya zile picha, nzima. Za shemeji ukate unavyotaka. Hiyo yangu usiguse upande mweusi. Mimi na Mama Mapendo tuko mule.