Mpelekeni Nyumbani, Msiningoje

Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la Desemba 1996, nilipokuwa mwalimu wa sekondari. Nimerekebisha tahajia tu. Hasira nimeiacha ilivyokuwa.

Jumatano, Silibwet. Jua limewaka tangu asubuhi, sasa mawingu yameanza kukaa juu ya majani chai. Leo sijamsalimia mtu. Wakija kubisha nanyamaza mpaka wachoke waende zao.

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Angalia mwandiko wenyewe.

Mama alizikwa Jumamosi. Mimi nimefika Jumatatu, na katoni ya zawadi zake, nikicheka.

Wacha nieleze vizuri, maana hapa mtaani kila mtu ana hadithi yake, na ya kwangu hakuna anayeitaka. Haruko ni Mjapani aliyefundisha hesabu shuleni kwetu miaka miwili, nyumba yake ikipakana na yangu. Mama alimpenda sana. Alimzoesha mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, mpaka Haruko akawa anakuja kuomba mwenyewe bila aibu. Mwaka huu akanitumia tiketi nikamtembelee kwao Japani shule zikifungwa. Mama alikuwa amelazwa tayari, nami nilitaka kukataa. Ni yeye aliyenifukuza. "Nenda, Joyce. Ukirudi utaniambia kama huko pia kuna matope."

Basi nikaenda.

Wiki ya pili Haruko alinipeleka mji mdogo milimani, mahali maji yanatoka ardhini yakichemka. Mto unafuka moshi, na harufu ni ya yai viza. Tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinane tu, safi mpaka naogopa kukanyaga. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alipiga magoti kunimiminia chai. Mimi! Chai ya kijani, haina maziwa, haina sukari. Binti ya mkulima wa chai nikaimeza hivyo hivyo nikitabasamu kwa adabu. Kuna ndara za korido na kuna ndara za choo, nami nikatoka na za choo mpaka kwenye mkeka wa kulia chakula. Haruko alicheka mpaka akalala chini.

Na kuoga ni uchi, wanawake wote pamoja, vijana kwa nyanya. Siku ya kwanza nilikataa katakata. Siku ya pili nikaingia. Nilidhani nitakufa kwa aibu, lakini baada ya dakika tano nilikuwa nimefumba macho, maji shingoni, theluji ikinidondokea kichwani, na mgongo huu ambao umeinamia majani chai tangu nikiwa darasa la pili ukilegea polepole. Sitadanganya. Ilikuwa raha.

Raha hiyo ndiyo wananitupia usoni sasa.

Jioni ya siku hiyo hiyo mwenye nyumba alinijia mbio. Simu, Kenya! Huko ilikuwa saa kumi na mbili jioni, huku saa sita mchana. Nilikuwa nimevaa lile joho lao la pamba, vibakuli vya chakula vimeanza kupangwa, vidogo vidogo, nilihesabu kumi na viwili. Aliyepiga ni Wesley, kaka yangu, kutoka posta ya Bomet. Sauti yake inakuja, inapotea, halafu yangu mwenyewe inanirudia sikioni.

Tulizungumza hivi, wala sikuongeza wala sikupunguza:

"Joyce, Mama amepumzika. Leo alfajiri."

"Asante Yesu!" Na nikacheka, ndiyo, nilicheka kwa furaha. "Mwacheni apumzike. Msimwamshe."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa tumpeleke nyumbani, ama tukungoje?"

"Mningoje ya nini? Mpelekeni nyumbani, msiningoje. Mimi nitampata huko."

"Sawa," akasema. Simu ikakatika.

Hebu niambie, daftari, kosa langu liko wapi hapo? Mwezi mzima Mama alikuwa halali kwa maumivu. Kila asubuhi nikifika wodini swali langu kwa nesi lilikuwa hilo hilo: "Amepumzika?" Nesi akisema amepumzika kidogo, tunashukuru Mungu. Na mgonjwa akipata nafuu si anapelekwa nyumbani?

Kumbe Wesley alikuwa anasema Kiswahili cha mimbari. Yeye ni mzee wa kanisa, Jumapili nyingine anahubiri, na kwenye mimbari yetu hakuna mtu anayekufa. Watu wanapumzika. Watu wanaitwa. Wanaokufa ni ng'ombe.

Simu ilikuwa Jumanne. Ningeambiwa neno lile lenyewe, Haruko angenitafutia ndege, na Ijumaa ningekuwa hapa. Ningemwosha. Ningechagua nguo yake, ile ya bluu, si hii niliyosikia walimvisha, ambayo hakuipenda hata siku moja.

Jumatatu niliposhuka hapa Silibwet, Wesley alikuwa amesimama kando ya barabara ananingoja. Nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?" Aliniangalia vile unaangalia mlevi. Akachukua katoni akatangulia mbele. Nilipofika nyumbani niliona mashimo ya nguzo za hema, nyasi zimekanyagwa zikalala, na udongo mwekundu umerundikwa karibu na mistari ya chai. Hakuna aliyeniambia. Niliuona tu udongo.

Nilipiga nduru. Hata ile nduru walisema nimechelewa nayo.

Kwa sababu, sikia, siku ya mazishi mwenye kuongoza ibada alisimama na kipaza sauti akatangaza, "Binti yake aliye ng'ambo amesema tusimngoje." Mbele ya watu wote! Na Senge, dada yake Baba, akaongezea kwa sauti ya kusikika, "Yuko kwa maji moto, anaoga." Nilikuwa nimewaachia karatasi yenye majina ya mahali nitakapolala, na simu zake, na hapo penye maji moto nimeandika hivyo hivyo. Nilifikiri ni busara. Karatasi hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi.

Leo jina langu ni Maji Moto. Jana dukani mama mmoja ambaye nimemfundishia watoto wawili aliniuliza kama maji yalikuwa moto ya kutosha. Nilitaka kumrushia unga. Niliuacha hapo kaunta nikatoka.

Senge nilimwamkia juzi, akageuza uso. Sawa. Nimemheshimu maisha yangu yote, lakini hilo neno la maji moto atalijibu siku moja, hata akiwa shangazi wa nani.

Jana mchana nikamfuata Wesley shambani. Alikuwa anachuna chai, kikapu mgongoni, kana kwamba dunia iko sawa.

"Wewe ni ndugu yangu," nikamwambia. "Tumenyonya titi moja. Kwa nini hukuniambia kwa Kikipsigis, lugha yetu? Ningeelewa hapo hapo!"

Hakuacha kuchuna. Majani mawili na kichipukizi, kikapuni. Majani mawili na kichipukizi, kikapuni. Nikampiga mkono, majani yakamwagika.

"Kwa Kikipsigis singeweza kulitoa mdomoni," akasema. "Ningelia pale posta, watu wamepanga laini nyuma yangu. Kiswahili ndicho kilinisaidia."

"Kikakusaidia wewe! Na mimi je?"

"Na wewe ulicheka, Joyce." Sasa yeye ndiye alikuwa amekasirika, midomo inamcheza. "Nimekuambia Mama ametuacha, unacheka. Unaniambia tusimwamshe. Unajua nilirudi nyumbani vipi siku hiyo? Unajua niliwaambia nini hawa watu? Niliwaambia ni huzuni, ati imekuchanganya akili. Nikakutetea siku nne."

Niliondoka nimemkanyagia majani yake.

Nimejifungia tangu hapo, nikijaza hasira kama mtu anayejaza pipa. Wesley na mimbari yake. Yule wa kipaza sauti. Senge. Haruko naye, aliyeniuliza mezani, "Mama vipi?" na kufurahi pamoja nami. Hata yule mwenye nyumba ya wageni na magoti yake. Wote nimewapanga hapa moyoni na kila mmoja nimempa lake.

Lakini kuna kitu sijaandika, na nisipokiandika leo nitazeeka nacho.

Nina miaka thelathini na mitatu. Wesley hajawahi kuniita, kunituma wala kunitukana kwa Kiswahili. Hajawahi. Hata mbele ya wageni tukizungumza sisi wawili ni Kikipsigis tu. Siku ile aliposema "Mama amepumzika," kabla sijaelewa hata maana, nilishtuka. Nilijiuliza, mbona huyu ananiongelesha Kiswahili? Na kule kunyamaza kwake kulikuwa kurefu. Nilimsikia akivuta kamasi.

Ningeuliza. Neno moja tu, "Wesley, kuna nini?"

Nilitupa macho mlangoni nikaona mvuke wa vibakuli vyangu kumi na viwili. Zilikuwa zimebaki siku mbili za raha ambayo sijawahi kupata na sitapata tena. Nikacheka haraka, kwa nguvu, ili asiongeze neno lingine. Kisha nikala. Kisha nikavua nguo nikarudi majini.

Kwa hivyo hasira hii yote ni ya nani?

Kesho nitaenda kwa Wesley kabla hajatoka kwenda shambani. Nitamwambia kwamba nilisikia. Na nitamwambia kwa Kikipsigis, hata kama nitalia mbele ya watoto wake.