Vueni Viatu Mlangoni

Mildura, 14 Agosti 2001

Mama,

Nakuamkia kwa heshima. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Tunapogoa mizabibu toka alfajiri, na mwenye shamba hana maneno mawili. Samahani niliondoka Cabramatta bila kukuaga vizuri. Kazi ilipatikana ghafla.

Rafiki yangu Bảo na wenzake wabaki kwenye chumba cha nyuma, kodi watakupa. Ule mlango wa chuma waliouweka usikutishe, ni kwa ajili ya wezi. Na lile nililokuomba usiliache: ukiona mtu anapanda ngazi na viatu miguuni, mwambie avue, kwa sauti ya kufika hadi nyuma. Wageni wa Bảo wanajua kuvua wenyewe. Hao wengine ndio hawana adabu, na mle ndani kuna madhabahu ya kumkumbuka marehemu Baba.

Mwanao,
Tường

Cabramatta, 2 Septemba 2001

Mwanangu,

Barua yako imenikuta palepale unapopajua, kwenye cherehani karibu na mlango, nashona kola za watu. Magoti yapo, yananibeba. Wewe unakula?

Umenichekesha. Wewe niliyekuwa nakukimbiza na ufagio kwa kukanyaga mkeka na viatu vya mpira, leo ndiye mwalimu wa adabu. Lakini nimefurahi. Nilimwashia baba yako ubani nikamwambia, mtoto kakua. Juzi alikuja fundi wa simu na mabuti yake, nikaita, "Viatu! Vua viatu, baba!" hadi Bi Hường wa nyumba ya pili akatoka kutazama. Maskini kijana wa watu alitengeneza simu akiwa na soksi tu, moja imetoboka. Bảo alichungulia, akacheka, akarudi ndani.

Hao rafiki zako hawali. Nawapikia supu inapoa. Wageni wao ni wengi na hawakai. Jana msichana mmoja alinipita analia. Wanafanya kazi gani hasa?

Mama yako

Cabramatta, 19 Oktoba 2001

Tường,

Salamu. Ningekuuliza afya, lakini ngoja niseme kwanza.

Polisi walikuja Jumanne mchana. Niliona mabuti yanapanda ngazi, nikafanya kama siku zote, nikaita kwa nguvu. Mmoja wao alisimama, akanitazama usoni, akaandika kitu. Wengine wakanipita mbio. Walipokuwa wanaupiga ule mlango wa chuma kwa nyundo, nilisikia maji yakivutwa chooni, tena na tena. Hata hivyo walikuta unga umebaki, na mizani, na yule msichana aliyekuwa analia, kalala sakafuni, midomo imegeuka rangi. Yu hai. Walimwahi.

Nyumba nzima wameipindua. Walipofika kwenye madhabahu ya baba yako, mkalimani, binti wa kwetu, aliwaomba wapekue taratibu. Yeye alikuwa amevua viatu bila kuambiwa. Ndiye aliyenieleza kwamba sheria mpya inawaruhusu kuingia kwa hati kwenye nyumba inayouza unga, na kwamba anayekaa mlangoni kuwashtua waliomo ndani ana kosa pia. Polisi walishakaa ng'ambo ya barabara wakiisikiliza sauti yangu. Nimeshtakiwa, mwanangu.

Niambie tu kwamba ilikuwa ni adabu.

Mama yako

Mildura, 6 Novemba 2001

Mama,

Pole sana. Waambie hujui lolote. Wewe ni mtu mzima, watakuonea huruma. Nimekutumia zabibu kavu. Tafadhali usinitaje, huko sasa kunawaka moto.

Tường

Cabramatta, 30 Januari 2002

Mwanangu,

U mzima? Zabibu zilifika. Nimemwekea baba yako, mimi sikuzionja.

Swali langu hukulijibu, na kwa hilo umenijibu.

Kesi ni Machi. Wakili ananisihi: mama, sema ni nani aliyekuagiza uite kwa sauti ya kufika nyuma, vinginevyo hakimu ataamini ulijua. Nimekataa. Nitasema mama yangu ndiye aliyenifundisha kuwaambia wageni wavue viatu, na huo ni ukweli. Mdomo huu ndio uliokutafunia wali ukiwa huna meno. Siwezi kuutumia kukufunga.

Lakini nina hasira nawe, Tường, na nataka uijue. Kitu nilichopewa na mama yangu umekifanya kengele ya wauza unga.

Mwaka mpya wa kwetu unaingia Februari. Bi Hường, ambaye miaka yote ndiye wa kwanza kukanyaga nyumba yetu atuletee bahati, kasema safari hii magoti yanamuuma. Sokoni anakwenda kila siku. Basi mwaka utaingia wenyewe.

Mama yako

Kituo cha polisi, 14 Februari 2002

Mama,

Nakuamkia. Usishtushwe na anwani, nimekuja kwa miguu yangu.

Asubuhi ile ya mwaka mpya nilisimama kizingitini na mabuti yenye udongo wa shambani, makusudi, nikingoja uniite. Uliyatazama, ukanitazama, ukaendelea kupanga matunda ya Baba. Nikayavua mwenyewe. Ukanifungulia keki ya wali kwenye majani yake, ukaniwekea kipande chenye nyama nyingi. Afadhali ungenitukana.

Ulipoingia jikoni nilivaa ndara za Baba nikatoka. Nimewaambia yote: biashara ilikuwa yangu, Bảo nilimwachia tu, na wewe hukujua sauti yako ilikuwa inafanya kazi gani. Wakili wako atapewa maelezo. Kwangu itakuwa miaka, Mama.

Mabuti yangu yapo hapo mlangoni. Ukitaka yatupe.

Mwanao,
Tường

Cabramatta, 21 Machi 2002

Mwanangu,

Salamu nyingi. Unalala? Chakula cha humo kinalika?

Mashtaka yangu yamefutwa. Nililia kwenye ngazi za mahakama, wakili akadhani ni furaha. Bi Hường naye magoti yamepona, kaja na machungwa. Nikamwambia bahati ya mwaka huu alishaileta mwanangu.

Ule mlango wa chuma nimempa mtu wa vyuma chakavu. Mabuti yako nimeyasugua, nimeyapaka mafuta, yako palepale ulipoyavulia. Ila siku hizi mtu akiingia na viatu namwacha akanyage. Nasubiri aondoke, napiga deki. Sauti haitoki, Tường. Nikifungua mdomo nasikia yale maji ya chooni.

Siku watakapokuachia, njoo na viatu vyovyote, panda ngazi navyo, usivue. Nitakuita hadi mtaa mzima usikie.

Mama yako