Ngumi Zilizofunguka

Mueni mjukuu wangu,

Wakya. Mimi mkubwa nimeanza salamu, na hata ukiwa huko Kisumu najua umeitikia. Hapa Kola mbaazi zimechanua na mama yako ni mzima.

Umeniuliza kwa nini uongee na hiyo sanamu ya mgonjwa mnayofunzwa nayo, na haijibu.

Nilipokuwa nikisomea unesi kama wewe, hatukuwa na sanamu. Mwalimu wetu, mama mtu mzima, aliniambia nimwoshe uso, kisha akalala kitandani akijifanya amezimia, ngumi amezikaza. Nikasimama na karai nikingoja anisalimie, kwa sababu kwetu mdogo hamwanzi mkubwa kwa salamu. Maji yakapoa. Mwishowe nikasema, "Mama, nimekuja kukuosha uso."

Zile ngumi zikafunguka polepole mbele ya macho yangu. Baadaye aliniambia hata yeye hakujua zimefunguka.

Hiyo sanamu yako haitafungua mkono, lakini iongeleshe kabla ya kuigusa. Siku moja utaniosha mimi, na sitaweza kukuanza.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuwaza.