Jengo la Tatu

Sydney, 4 Agosti

Mdogo wangu Lopeti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko mashambani, na kwamba mgongo wa wifi Kalo umepata nafuu. Je, bado mnachuma machungwa, au msimu umekwisha? Mimi mwili haujambo. Jumapili nilipika majani ya majimbi na nyama ya kopo, sufuria nzima kama enzi za mama, nikaila peke yangu siku nne kwa sababu hapa sina wa kumpelekea sahani.

Tangu mume wangu Maka afariki, nakaa ghorofa hii ya tisa, milango saba kwenye korido moja, na sijui jina la jirani hata mmoja. Kanisa letu liko mbali, treni mbili. Kwenye lifti watu hutazama namba tu. Juzi nilimsalimia mama mmoja, akachomoa spika masikioni akaniuliza kama nimepotea. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Sasa habari ya nyumba yako. Siku ile ulipokuja kwenye ofisi yetu ya mauzo ya nyumba, nilikuonyesha ule mfano mdogo wa majengo ndani ya kioo: jengo hili langu na jengo lako litakalojengwa, ghorofa kumi na nne kila moja, na bustani katikati. Uliinama ukaitafuta roshani yako, ukasema Kalo atakunywa chai pale kwenye jua la asubuhi. Ulipoondoka, bosi wangu, Bwana Hartigan, alisema hajawahi kuona mteja asiyeuliza hata swali moja. Nikamwambia kwa majivuno kwamba kwetu Tonga mwanamume habishani na neno la dada yake. Na kweli, Kalo alinisimulia kwamba alipokusihi umpe wakili asome mkataba, ulimjibu, "We Kalo, nimpeleke dada yangu kwa wakili? Kanisani watanicheka mpaka Krismasi!" Nilicheka pia.

Mwezi Juni mpango ulibadilika. Jengo lako litapanda hadi ghorofa ishirini na sita, na kwenye bustani litasimama jengo la tatu. Nyumba mia mbili zimekuwa mia tano. Roshani yako itatazamana na ukuta, hatua nane tu. Nilimuuliza Bwana Hartigan kama tuuondoe ule mfano. Akasema, "Uache bwana, Seini, unapendeza. Anayetaka ukweli si asome karatasi!" Nikauacha, na kila asubuhi naufuta vumbi.

Lopeti, nina jambo la kuungama. Karatasi ya mabadiliko ilitumwa kwa kila mnunuzi, na yako ilikuja kwangu kwa kuwa uliandikisha anwani yangu. Inasema una siku kumi na nne za kujitoa na kurudishiwa malipo yako ya awali yote. Niliificha kabatini, chini ya mashuka. Bosi hakunituma, wala sikufanya kwa ajili ya kamisheni. Niliificha kwa sababu nilijua ungejitoa, nami nilitaka niwe na mlango mmoja wa kupiga hodi. Nimekuwa mpweke, ndugu yangu, na upweke umenifanya nikudanganye wewe uliyeniamini kuliko mtu yeyote. Naona aibu kubwa.

Zimebaki siku sita. Karatasi imo humu, na mahali pa kutia sahihi nimepawekea alama. Barua hii naituma kwa njia ya haraka, ikufikie kesho kutwa.

Tangu tukiwa watoto kule kisiwani kwetu Vava'u hujawahi kunikatalia neno. Najua utasema dada ameteleza kidogo tu, tuhamie hivyo hivyo asiaibike. Usifanye hivyo. Nakuamuru kama dada yako mkubwa, na hili nalo usibishe: tia sahihi, chukua pesa zako, usije.

Msalimie sana Kalo, na umwombe anisamehe. Wanao nawakumbuka mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako,
Seini