Mlango wa Baba na Kofia za Buluu

Laeken, Bruxelles
Jumapili, Oktoba 1992

Yaya Kabeya, kaka yangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, na kabla sijauliza jingine nauliza hili: bado mko ndani ya nyumba? Mguu wa mama umepoa? Watoto wanakula? Mimi mwili ni mzima, ila kukaa kitako kumenishinda. Nachemsha chai, naisahau mpaka inakuwa maji ya baridi. Jana nilipanda tramu nikafika mwisho wa njia bila kujua nilikuwa nakwenda wapi, dereva akaja kunishusha.

Barua yako niliipokea Porte de Namur, kwa mkono wa mama mmoja aliyetoka huko Likasi. Niliisoma nimesimama pale pale kwenye ngazi za metro, watu wakinipiga vikumbo. Kwamba nyumba mbili za jirani zimechomwa. Kwamba vijana wanapita wakiimba sisi watu wa Kasai turudi kwetu, utadhani hatukuzaliwa Katanga. Kwamba nusu ya mtaa imehamia stesheni kungoja treni, na mama amekataa kutoka. Maneno yake uliyoniandikia niliyasikia kwa sauti yake kabisa: "Mbuyi anatumika kule kwa bakubwa. Abaambie tu, ba casques bleus batarudia."

Mama huyu! Nimemwambia mara ngapi kwamba kwa hao wakubwa mimi nafagia? Nasafisha ofisi za wakubwa wa Ulaya karibu na Schuman, natoa takataka, naondoka. Kwake yeye, ukishapewa ufunguo wa ofisi ya mtu, basi mwenye ofisi unamtuma.

Lakini najua anachongoja. Uhuru ulikuwa bado mbichi, Katanga ikajitenga, sisi tukakimbilia kambini Lubumbashi, na mimi ndiyo kwanza naanza kutembea. Hadithi ya mama ni ile moja: wale casques bleus wake, Waswidi wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa, wekundu kwa jua, waliosimama kati yetu na waliotaka kutuua, na yule mrefu aliyemsaidia baba kubeba mlango. Maana baba hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba mlango wa nyumba, ule wa mbao ya mulombwa, akaufanya paa la kibanda, na vita vilipokwisha akahamia nao Likasi, ndio huo mnaoufunga hadi leo. Mama anakumbuka maziwa ya unga. Wewe uliyekuwa mkubwa unakumbuka pia kaburi la Kabanga, pacha wangu, aliyekufa kwa kuhara mle mle kambini huku askari wakilinda. Hilo mama hulipita kimya. Simlaumu. Waliokuja kutulinda walitulinda, na bado tulizika.

Basi nimefanya alivyotaka. Kuna bwana mmoja wa orofa ya sita, mtu wa mambo ya Afrika, ambaye hunisalimu. Jumanne niliweka ndoo chini nikamwambia kwa Kifaransa changu chote: mama yangu yuko Likasi, anafukuzwa, anawangoja wale askari. Hakunicheka. Alinipa kiti, kisha akasema: "Madame, wakati ule serikali yenu changa iliwaita, nchi ilikuwa inakatwa vipande. Leo hakuna aliyewaita. Hawatakuja." Nikamwuliza, anayefukuzwa na jirani yake amwite nani? Akasema hajui. Nilimshukuru, angeweza kunidanganya. Nikasafisha ngazi zote nikilia, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Wewe uliniomba nimwandikie kwamba askari wanamngoja stesheni, ili atoke. Kalamu niliishika, nikashindwa. Akifika pale akute watu wamelala kando ya reli na kofia ya buluu hakuna hata moja, atageuka arudi nyumbani kuwangoja. Unamjua. Msomee hivi: Mama, nimekwenda mwenyewe, nimeuliza. Hawaji. Toka.

Sasa sikiliza, na usiruke. Barua hii inabebwa na Tonton Mulenga, mjomba wa heshima tu, mtu wa Katanga kwa baba na kwa mama. Hapa nako mambo yameharibika, tuliokuwa tunakula meza moja mtaani Matonge siku hizi tunasalimiana kwa macho. Nilizunguka kutafuta msafiri, wenzetu wa Kasai hakuna anayethubutu kurudi huko. Yeye ndiye aliyenifuata. Anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, hapo hapo Likasi. Nilisita, naye akaona.

"Niko nasikia haya sana, Mbuyi," akasema. "Batu bangu njo banafanya vile. Bon, mama yako, mi mwenyewe nitamupeleka ku gare, ku treni. Nani atanisemesha mu njia? Mi niko mutoto wa kule."

Wenzetu hapa wananiambia nimempa fisi bucha alinde. Labda. Naogopa, Yaya, sikufichi. Lakini nilimtazama usoni alipomtaja mama yake, na sina mwingine.

Akifika, barua ataitanguliza kwa mkono wa dada yake wa huko Likasi anayeuza mkate, ili msishtuke. Yeye atakuja kesho yake asubuhi. Mwache afungue bawaba, aubebe mlango wa baba. Bila mlango ule mama hatoki, na akiwa nao atakaa juu yake stesheni na kuwaamuru wote. Mwacheni aamuru.

Nisalimie wifi yangu Bernadette, asibebe sufuria zote. Nisalimie Tantine Rosalie, mdogo wa baba, mwambie yale makaa yake hayana mteja tena, ayaache. Wanao wabusu.

Mama amemngoja Mswidi mrefu. Anayekuja ni mfupi, ana koti la kahawia, na jina lake ni la wale wanaowafukuza. Akipiga hodi, fungueni.

Mdogo wako asiyetulia,
Mbuyi