Neno Nililoona Haya Kuuliza

Mwende,

Ni mimi, Mwalimu. Ninaandika nikiwa kitandani, kwa hiyo utauvumilia mwandiko huu. Wewe uliyekuwa ukichapa kadi za harusi za watu kule River Road ungeirudisha karatasi hii kwa mteja ukamwambia aandike upya.

Ninakaa Loresho kwa binti yangu Nekesa, katika chumba cha chini kwa sababu ngazi siziwezi tena. Mapafu yamechoka. Kando ya kitanda kuna mashine ya kunipa hewa, inanguruma mchana kutwa kama friji kuukuu. Juzi daktari alizungumza na Nekesa nje ya mlango, wakidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Kwa hiyo najua sina muda, na kuna jambo ambalo hadi juma lililopita sikuwa nimemwambia mtu wa nyumba hii wala wa kundi letu la kuogelea. Wewe ndiye uliyestahili kuambiwa wa kwanza. Nimekunyima miaka minne.

Niseme kwanza ya huku. Bwawa la ile shule bado lipo, na Jumamosi asubuhi bado wanatufungulia. Lakini Wafula, kocha wetu, siku hizi anafundisha watoto kuelea. Watu wazima waliobaki wanakwenda ukutani na kurudi, wanajikausha, wanaenda zao. Hakuna anayetaja bahari. Ile mistari myeusi ya chini ya bwawa, ambayo Wafula alikuwa akituambia tusiitegemee kwa sababu bahari haina mistari, sasa wanaifuata kama reli. Duka lako la uchapaji linauza nyaya za umeme. Nilipita huko kabla miguu haijanikatalia. Nilisimama pale ulipokuwa ukiweka mashine, kijana akaniuliza nataka saizi gani ya waya. Nikaondoka.

Nakukumbuka ulipokuja bwawani mara ya kwanza. Ulikuwa na miaka arobaini na moja na hujawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Wafula, aliyekulia ufuoni mwa ziwa kule Busia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkamba na maji wapi na wapi! Nyinyi maji mnachimba, hamuogelei." Ukamjibu ukiwa umeng'ang'ania chuma cha ngazi, meno yakigongana kwa baridi ya Julai: "Ndiyo maana nikiyapata siyaachi." Kundi zima likacheka, na tangu siku ile ulikuwa wetu.

Mimi sikuogelea hata siku moja, unajua. Nilikuwa nimestaafu, mke wangu amefariki, Nekesa akaniambia nitafute watu. Nikapata kiti cha plastiki kando ya bwawa, saa ya kupimia, filimbi na daftari. Mkanifanya katibu kwa sababu nilifundisha Kiswahili sekondari maisha yangu yote. Kila barua ya kundi niliandika mimi. Na kila mtu nilimsahihisha, hata akiwa anatetemeka majini. Ulikuwa ukipiga kelele, "Mwalimu, hii maji ni baridi!" nami najibu, "Haya maji, Mwende. Haya." Ulinijibu siku moja, "Haya basi, haya maji ni baridi, sasa nipe uji." Na nilikupa. Uji mwepesi wa wimbi wenye ndimu, katika chupa iliyofungwa kamba, kwa sababu Wafula alitaka mzoee kunywa mkiwa mnaelea, bila kugusa ukuta.

Nilikuona ukijifunza kuinua macho kila baada ya mikono sita, kama mamba, uone unakokwenda. Nilikuona ukiogelea umefumba macho, urefu wa bwawa mara moja, kisha mara kumi, ukigonga kichwa ukutani na kutukana Kikamba. Niliwahi kukuuliza kwa nini unajitesa hivyo. Ulisema: "Nimelea wadogo zangu, nimeuguza baba, nachapa majina ya watu wengine kutwa. Nataka kitu kimoja ambacho hakuna mtu alinituma." Nikakusahihisha. "Ambacho hakuna mtu aliyenituma." Mungu wangu. Mtu ananifungulia moyo, mimi namsahihisha kirejeshi.

Sasa nifike penyewe.

Unakumbuka kwamba safari ya Pwani, ya kuogelea baharini, niliipanga mimi. Tarehe niliichagua mimi. Mwenye boti wa kutusindikiza alikuwa Mzee Athumani, mvuvi wa zamani, kule kusini mwa Mombasa. Nilimpigia simu wiki mbili kabla, nikiwa mezani kwangu, nikamtajia Jumamosi tuliyoitaka. Alihesabu siku za mwezi kwa sauti, kisha akaniambia: "Mwalimu, siku hiyo ni bamvua. Ngojeni maji mafu, wiki inayofuata."

Sikuyajua maneno yale, Mwende.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Kiswahili changu nilikipata darasani na vitabuni, na bahari niliiona nikiwa mtu mzima, kwa dirisha la gari. Nilisikia "bamvua", nikasikia mvua ndani yake. Nikadhani ni namna ya mvua za huko. Na nilisikia "maji mafu", nikadhani ananiambia kuna maji mabaya yanakuja, yenye kifo, tungoje yapite. Kamusi ilikuwa kwenye rafu, ningeifikia bila kusimama. Naye alikuwa bado kwenye simu. Ningesema tu, "Mzee, hayo ni nini?" Lakini alikuwa amekwisha kuniita Mwalimu, na alikuwa amekwisha kusikia kwamba nimefundisha Kiswahili, na akasema kwa heshima, "Basi wewe huhitaji kuelezwa." Nikasema, "Kabisa, kabisa." Nikakata simu. Nikatazama hali ya hewa, nikaona hakuna mvua. Wiki iliyofuata nikaiepuka, kwa sababu nilidhani ndiyo ya maji mafu. Nikawaambia tunaenda Jumamosi ile ile.

Ile asubuhi ufuoni ulisimama nikakupaka mafuta ya mgando mgongoni mahali usipofika. Ulikuwa na kofia ya njano. Mzee Athumani alinijia akaniambia polepole, "Mwalimu, leo bamvua." Nikanyoosha kidole juu, nikasema, "Mvua iko wapi, Mzee? Tazama mbingu!" Alinitazama usoni. Kisha akacheka, kwa adabu. Alidhani nafanya utani wa maneno, utani wa mtu anayejua. Nanyi mkacheka. Hata wewe ulicheka.

Mengine uliyaona kuliko mimi. Nilikuwa botini na saa yangu ya kupimia. Maji yalianza kutoka, na yalipoanza yalitoka yote kwa pamoja, yakielekea kwenye mlango wa mwamba, lile pengo la kutokea bahari kuu, kama watu wanaotoka kanisani. Waogeleaji wawili nyuma yako walianza kuita. Mzee Athumani akawapandisha. Nilipogeuka, kofia ya njano ilikuwa inaogelea kuelekea ufuoni na inakwenda baharini. Ulikuwa unainua macho kila mikono sita, kama ulivyofundishwa. Niliyaona macho yako yakitafuta. Mzee alipitisha boti mlangoni kwenye mawimbi, akaniachia usukani mimi nisiyejua lolote, akaruka majini na nguo zake. Mzee wa miaka sabini. Alikuita kwa jina, naye alikuwa amelijua jina lako asubuhi ile tu. Tulikupata adhuhuri.

Baada ya kukuzika Kitui nilirudi Nairobi, na kesho yake asubuhi nikaishusha kamusi. Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji yakavuta kwa nguvu. Maji mafu ni siku zake za utulivu, zinazokuja wiki moja baadaye. Ni mistari miwili tu. Nikaifunga nikairudisha mahali pake.

Ingekuwa ni ujinga tu, Mwende, ningekuja mbele yako na ujinga wangu. Lakini Jumamosi iliyofuata kundi lilikutana kando ya bwawa, wakampigia Mzee Athumani, wakaweka simu kwenye spika. Akasema kwa sauti iliyovunjika, "Mimi nilimwambia Mwalimu mngoje maji mafu."

Wafula aliruka kutoka kitini. "Mmesikia? Amekiri mwenyewe! Ati tungoje maji mafu!" Mtu mmoja akaanza kulia. Yule mzee alikuwa anajitetea, na kila neno la utetezi wake lilimfunga, kwa sababu sote pale tulikuwa watu wa bara, na wenzangu walisikia maji ya kifo. Kisha wakanigeukia. Wafula akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndio wa Kiswahili. Hiyo maana yake ni nini?"

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua siku saba. Nikasema, "Ni namna yao ya kusema."

Hayo tu. Na kwa sababu mimi ni katibu, barua ya kuwaonya watu wa hoteli na makundi mengine wasimtumie Mzee Athumani niliiandika mimi. Ilikuwa barua nzuri. Haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Ndani ya mwaka hakuna aliyempa mtu wa kusindikiza, na boti na mashine yake akaviuza.

Na mama yako. Nilimtembelea mara moja. Alinipikia, akanishika mikono yote miwili, akaomba. Alimwambia Mungu, "Yule mwenye boti, wewe unamjua, mlipe." Akangoja. Nami, mzee wa kanisa, nikasema Amina.

Silali kwa Amina ile. Nikisema silali unafikiri ni maneno ya barua. Nekesa anadhani ni kifua.

Juma lililopita nilimpigia Mzee Athumani. Nilitaka kufa nikiwa nimesamehewa, nikuambie ukweli hata huo. Alipokea, akanisalimu kwa urefu wa watu wa kwao, afya, watoto, mvua za Nairobi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikisimama kupumua kila sentensi.

Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilidhani ulijua. Miaka yote hii nimejiuliza, mtu anayejua atawatiaje watu wake majini siku ile? Nikakuchukia kwa hilo. Sasa waniambia hukujua neno?" Akasema, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka kabisa: "Si ungeuliza tu, ndugu yangu. Ningekwambia."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Mimi boti imekwenda, imekwenda. Huyo mama ndiye aniapizaye bure. Kamwambie yeye." Akaniaga vizuri, akakata.

Hakunisamehe, na sidhani alikosea. Nilikuwa nimekuja kwake kuutua mzigo, akanionyesha mahali pa kuupeleka.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Jana Wafula alikuja kunitazama. Nilimwambia maana ya yale maneno mawili, na siku nilipoijua. Alisimama dirishani akinipa mgongo. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Na barua tuliweka sahihi sisi wote?" Nikasema ndiyo. Akasema atanipeleka Kitui Jumatano, na barua ya pili, ya kumsafisha Mzee Athumani, ataiandika yeye mwenyewe na Kiswahili chake kibovu, mimi nisiiguse. Daktari amekataa safari. Nekesa analia jikoni. Nitakwenda. Pumzi ikinikatikia njiani, Wafula atakuwa na nakala ya karatasi hii, naye atamsomea mama yako yote, pamoja na ile Amina.

Sina tumaini la kusamehewa, mwanangu. Nimelitafuta humu ndani sikulipata. Sijui kama tutaonana. Na kama tutaonana, sijui utaniita Mwalimu au utanipita. Kaa kwa amani. Ulistahili maji yaliyotulia, na mimi niliyaepuka kwa ajili ya jina lake.

Nikifika kwa mama yako nitakataa kiti, na nitasema kabla hajatia chai. Najua desturi ya nyumba ile. Mgeni akishakunywa chai ya mama yako, mama hawezi tena kumfukuza. Nataka awe na uwezo wa kunifukuza.

Kwaheri, Mwende.

Mwalimu