Mikia ya Veneranda

Gungu,
Kigoma.
16 Septemba 1997

Mpendwa dada Selina,

Shikamoo dada. Hali yako vipi, na nyumba nzima huko Bukoba? Goti limepata nafuu, au bado unalipandisha kilima cha kanisani kwa ukaidi? Senene ulionitumia walifika salama. Niliwaficha kwenye kopo la chumvi ili shemeji yako Urbanus asiwamalize. Mwilini sote ni wazima. Moyoni mimi si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unamkumbuka Veneranda, yule mama wa Burundi aliyeshuka kwenye boti pale Kibirizi mwaka juzi, akalala kwetu wiki tatu kabla ya kupelekwa kambini? Alikuja na kitu kimoja tu mkononi, kopo la maziwa ya unga, na ndani yake ua lenye mikia inayoning'inia, majani mafupi manene yaliyojaa maji. Lilikuwa la marehemu mama yake. Lilining'inia kwenye dirisha la chumba alichokulia binti yake, Leonia. Siku ya kukimbia alipotezana na huyo binti. Kopo hakulipoteza.

Aliniachia nililee, maana hemani hakuna dirisha. Akaniagiza: usilimwagilie kila siku, litaoza; ngoja majani yasinyae kidogo ndipo ulipe kikombe kimoja. Jua la asubuhi linalipenda, la mchana linalibabua. Na usiliguseguse, majani yake hupukutika upesi. Mimi muuguzi, dada, maagizo nayajua. Miaka miwili nimeyafuata, nikapigana hadi na kuku wa jirani, na mikia ikashuka kutoka dirishani mpaka sakafu ya baraza.

Mwezi wa nane nikaenda Tabora kwenye semina, wiki mbili. Urbanus nilimwachia neno moja tu: usilimwagilie maji. Na kweli hakulimwagilia. Aligawa! Hivi kweli, mtu mzima! Alikuja Bwana Telesphory, katibu wa kamati ya mapambo, eti kuna mkutano ukumbini na mgeni rasmi anakuja, kiangazi kimekausha kila kitu na meza kuu haina hata jani bichi. Mume wangu akampa mkasi. Mkasi wangu wa kushonea, dada! Wakakata mikia yote, wakaizungushia meza.

Na unajua mgeni huyo alikuja kusema nini? Kwamba tuwahurumie wakimbizi. Amehutubia saa nzima, viwiko vyake vimelalia mali ya mkimbizi, na watu wakapiga makofi.

Nilipomuuliza Urbanus akanijibu, "Ni majani tu, mke wangu, yataota." Majani tu! Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikula. Siku nne alijikaangia dagaa mwenyewe, na siku nne waliungua.

Wiki hiyo hiyo ukaja ujumbe. Leonia amepatikana, yu hai, yuko kambi nyingine! Veneranda anahamishiwa huko, amepata kibali, atapitia kwangu kuchukua ua lake ili mtoto alione tena. Koponi kulikuwa na visiki.

Nikajifunga kanga kiunoni nikaenda nyuma ya ukumbi ule wa mkutano, wanakotupa takataka. Muuguzi mzima napekua jalala, watu wanatazama. Mikia ilikuwa imekauka. Lakini chini yake, kivulini, vumbini, bila tone la maji, yale majani yaliyopukutika yalikuwa yameanza kutoa vijizizi vyembamba kama uzi. Nikaokota moja moja, nikayalaza juu ya mchanga kwenye sinia. Sikuyafukia wala sikuyanywesha.

Veneranda akaja Jumamosi. Nilipiga magoti hata kabla hajakaa. Akalitazama sinia, akasema kwa lugha yake, "Ntaco," yaani si kitu, akaniinua. Nililia mimi, si yeye. Upole wake nao ulinikasirisha!

Sasa sikiliza. Tuko kwenye chai, nani anapiga hodi? Telesphory! Eti mwezi ujao kuna mgeni mwingine, amepita kuangalia kama yale majani yameota tena. Nilisimama kwa hasira. Veneranda akaniwahi. Alichagua jani moja, akamwekea kiganjani, akamwambia taratibu, "Hili lako, baba. Lilee miaka miwili. Likifika sakafuni, mkatie mgeni wako." Telesphory alitoka hadi barabarani kiganja kimekunjuliwa vile vile, hajui alitupe au alifumbate.

Mwenzangu ameondoka na nusu ya majani, ameyafunga kwenye kitambaa chake cha kichwani, na kopo lake mkononi, maana visiki vimeanza kuchipua. Urbanus anasema si aliniambia yataota? Nimemwambia anyamaze.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea majani matatu. Yalaze juu ya mchanga mkavu dirishani, uyaache. Maji ni mpaka uone mizizi, na hapo pia kidogo tu. Shemeji Vedasto akiuliza kwa nini unafuga majani tu, mwambie yana mwenyewe, anaitwa Veneranda, na siku akiyahitaji atayakuta.

Nisalimie shemeji huyo huyo, watoto wote, na mama mdogo Recho. Mungu awafunike, na goti lako alikumbuke.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa amekasirika,
Joanitha